Akiba ya Matibabu na Chupa za Vitamini: Tununue Nini, Tuache Nini?

Msimu wa korosho unapofika, mambo hubadilika huku kwetu Lukuledi, Masasi na Newala. Minada inaanza mwezi Oktoba, fedha za wakulima zinapitia kwenye vyama vya msingi, na kila mwenye bidhaa anaijua njia ya kufika kijijini. Anakuja muuza kanga, anakuja muuza simu, anakuja muuza mabati. Siku hizi anakuja na mwingine, nadhifu, mwenye begi lililojaa chupa za vidonge, makopo ya unga wa kukoroga na pakiti za chai ya majani. Anasema hizo si dawa bali ni virutubisho. Zinaongeza damu, zinasafisha mwili, zinakinga presha, kisukari, hata saratani.

Hapo ndipo baba na mama wanapotazamana. Fedha taslimu iliyopo nyumbani ni ile iliyowekwa kwa ajili ya matibabu. Mama anauliza, "Si tunafundishwa kila siku kwamba kinga ni bora kuliko tiba? Kama chupa hizi ni kinga, kwa nini tusizinunue kwa fedha ya matibabu kabla hatujaugua?"

Swali hilo ni la busara, nalo lastahili jibu la kina. Katika toleo hili tutalijibu hatua kwa hatua. Jibu kwa kifupi ni hili: fedha ya matibabu inaweza kununua kirutubisho pale tu mtaalamu aliyekupima anapokuambia unakihitaji kwa tatizo linalojulikana. Nje ya hapo, kinga iliyo bora zaidi ama hutolewa bure kliniki, ama iko shambani kwako.

FEDHA YA MATIBABU NI FEDHA YA NAMNA GANI?

Wazee wanakumbuka wakati ambapo matibabu katika vituo vya serikali yalikuwa bure kwa wote. Mwaka 1993 serikali ilianza utaratibu wa wananchi kuchangia gharama hospitalini. Mwaka 1996 ulianza kujaribiwa Mfuko wa Afya ya Jamii katika wilaya ya Igunga, na mwaka 2001 ikatungwa sheria ya kuueneza nchini. Ulipoboreshwa mwaka 2018, kaya ya watu wasiozidi sita huku mikoani ilichangia Sh. 30,000 kwa mwaka. Mwaka 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote.

Pamoja na bima, familia nyingi zina akiba zao. Wengine huweka fedha kwenye simu, wengine kwenye vikundi vya kuweka na kukopa vyenye kisanduku cha kufuli tatu. Katika vikundi hivyo, pembeni ya hisa kuna mfuko wa jamii, ambao mwanachama akipata msiba au ugonjwa husaidiwa kutoka humo.

Mpenzi msomaji, tazama kalenda yetu. Fedha ya korosho huingia kati ya Oktoba na Desemba au Januari. Mvua nazo hunyesha kuanzia Desemba hadi Aprili. Katika miezi hiyo chakula ghalani kinapungua, mbu wanaongezeka na barabara zinaharibika. Kwa hiyo fedha huja wakati mmoja na ugonjwa huja wakati mwingine. Akiba ya matibabu ndiyo daraja kati ya nyakati hizo mbili. Ukiivunja Novemba, mtoto akipata homa kali mwezi Machi hamtakuwa na pa kupitia.

VIRUTUBISHO NI NINI HASA?

Mwili wetu unahitaji vitamini na madini mbalimbali kwa kiasi kidogo sana. Vitamini A husaidia macho na kinga ya mwili. Madini chuma hutengeneza wekundu wa damu. Madini joto huzuia tezi la shingo na husaidia ubongo wa mtoto kukua. Asidi ya foliki husaidia kutengeneza damu, na mama akiitumia kabla ya kupata mimba na katika wiki 12 za mwanzo, humpunguzia mtoto hatari ya kuzaliwa na mgongo wazi.

Anayepungukiwa na kimojawapo huugua, na akikipata hupona. Hilo ni kweli kabisa. Kosa linaanzia pale muuzaji anapochukua ukweli huo na kuunyoosha, akisema kwamba kwa kuwa anayepungukiwa hupona akikipata, basi na asiyepungukiwa atazidi kuwa na nguvu. Sivyo. Ndoo ikishajaa maji, ukiendelea kumimina yanamwagika, na pengine yanaharibu sakafu.

Jambo jingine. Chupa nyingi zinatoka nchi za nje, au huigiza zile za nje. Huko Marekani, kwa sheria ya mwaka 1994, mtengenezaji wa virutubisho halazimiki kuthibitisha kwanza kwamba bidhaa yake inaponya ndipo aiuze. Sheria hiyohiyo inamtaka, anapotaja faida za bidhaa kwa mwili, aandike kwamba haikukusudiwa kutambua, kutibu, kuponya wala kukinga ugonjwa wowote. Maneno hayo huandikwa kwa Kiingereza na kwa herufi ndogo. Ukipewa chupa ya namna hiyo, mwombe mwanao anayesoma sekondari akutafsirie. Mara nyingi utakuta chupa yenyewe inakanusha yale anayosema muuzaji.

AMBAVYO HUPASWI KUVINUNUA

Akina mama wengi wanatoa fedha mlangoni kwa vitu ambavyo kwa sera ya taifa hutolewa bila malipo katika kliniki ya mama na mtoto. Tuvitaje.

1. Matone ya vitamini A. Mtoto huanza kuyapata akitimiza miezi 6, kisha kila baada ya miezi sita hadi atimize miaka mitano. Kampeni hufanyika mwezi Juni na mwezi Desemba. Mtoto wa miezi 6 hadi 11 hupewa kapsuli ya yuniti 100,000, na wa mwaka mmoja hadi miaka mitano hupewa ya yuniti 200,000. Dozi moja inamtosha kwa miezi mingi, kwa sababu vitamini A huhifadhiwa kwenye ini.

2. Dawa ya minyoo. Hutolewa katika kampeni hizohizo kwa watoto waliotimiza mwaka mmoja. Minyoo hunyonya damu na chakula. Ukimpa mtoto mwenye minyoo unga wa lishe wa bei ghali, umewalisha minyoo kwanza.

3. Vidonge vya damu kwa mama mjamzito. Ndivyo vile vyenye madini chuma na asidi ya foliki, ambavyo wengi tunaviita FEFO. Humezwa kila siku. Visipokuwepo siku hiyo zahanati, mwombe mganga akuandikie jina lake, ukanunue kwenye duka la dawa muhimu. Huo ni ununuzi halali wa fedha ya matibabu, na bei yake ni ndogo sana ukilinganisha na chupa ya mchuuzi.

4. Chumvi ya maji ya mtoto anayeharisha (ORS) pamoja na vidonge vya zinki. Mtoto wa miezi 6 au zaidi hupewa zinki miligramu 20 kwa siku, na aliye chini ya hapo miligramu 10, kwa siku 10 hadi 14. Asiache siku ya tatu kwa sababu amepata nafuu.

5. Chandarua na chanjo. Mikoa ya Mtwara, Lindi na Ruvuma ndiyo iliyotangulia nchini kugawa vyandarua kupitia kwa wanafunzi mashuleni, mwaka 2013. Na tangu mwaka 2018 wasichana wanapewa nchini kote chanjo ya kuwakinga na saratani ya mlango wa kizazi. Anayekuambia chupa yake inakinga saratani, mwulize kama binti yake mwenyewe amekwisha kuchanjwa.

VIKIZIDI, VINAWEZA KUDHURU

Wako wanaosema, "Hata kisiponisaidia hakitanidhuru, ni vitamini tu." Hapa tujifunze kwa ndugu zetu wa Pemba. Mnamo mwaka 2002 na 2003 wataalamu walifanya utafiti kisiwani humo, mahali ambapo wakati ule malaria ilikuwa nyingi kama huku kwetu kusini. Waliwapa watoto wa chini ya miaka mitatu madini chuma na asidi ya foliki kila siku, wakitumaini kuwakinga na upungufu wa damu. Agosti 2003 sehemu hiyo ya utafiti ilisimamishwa. Watoto waliopewa madini chuma walionekana kufa au kulazwa hospitali zaidi kuliko wenzao wasiopewa, kwa kiasi cha asilimia 12. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2006.

Lakini kundi dogo lililopimwa damu na kufuatiliwa kwa karibu, likitibiwa malaria mapema, lilionyesha jambo jingine. Watoto ambao kweli walipungukiwa na madini chuma walinufaika nayo. Kidonge kilikuwa kilekile. Tofauti ilikuwa ni nani anakihitaji, na kama kuna mtu anayemwangalia. Ndiyo sababu mtoto wa huku kwetu hapewi dawa ya kuongeza damu kwa kubahatisha, bali hupimwa damu na malaria kwanza.

Dar es Salaam nako kulifanyika utafiti kwa akina mama wajawazito 1,075 wenye virusi vya UKIMWI, kabla dawa za kufubaza virusi hazijaenea. Mwaka 1998 ilitangazwa kwamba waliopewa mchanganyiko wa vitamini B, C na E walipoteza mimba wachache zaidi, na watoto wengi zaidi walizaliwa na uzito mzuri. Hiyo ilikuwa faida kubwa. Hata hivyo utafiti huohuo ulionyesha baadaye kwamba vitamini A ya nyongeza iliongeza uwezekano wa mama kumwambukiza mtoto. Vitamini moja ilisaidia, nyingine ilidhuru, kwa akina mama walewale.

Na huko Finland, katika utafiti wa wanaume wavuta sigara 29,133 uliotangazwa mwaka 1994, waliopewa vidonge vya beta-karotini (rangi ile ya karoti na maembe ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A) walipata saratani ya mapafu zaidi kuliko wenzao kwa asilimia 18. Karoti na maembe si hatari hata kidogo. Hatari ilikuwa kwenye kidonge chenye kiasi kikubwa kuliko chakula.

Mama mjamzito ajihadhari zaidi. Vitamini A ikizidi katika miezi ya kwanza ya ujauzito inaweza kumlemaza mtoto tumboni. Usichanganye vidonge vya kliniki na vya mchuuzi bila kumwonyesha mkunga chupa yenyewe.

WENZETU WA NCHI NYINGINE WANAFANYAJE?

Swali hili la kutumia akiba ya matibabu kwa vitamini si letu peke yetu. Singapore ilianzisha mwaka 1984 utaratibu wa kila mfanyakazi kuwekewa sehemu ya mshahara kwa ajili ya matibabu yake na ya familia. Jirani zetu wa Kenya walianzisha mwaka 2016 mfuko wa simu uitwao M-TIBA, ambamo fedha iliyowekwa kwa ajili ya afya ililipwa tu kwa vituo vya tiba vilivyosajiliwa. Hata mwenye fedha hakuweza kuitoa akanunulie kitu kingine.

Marekani ndiko swali lenyewe lilikojibiwa waziwazi zaidi. Kwa sheria ya mwaka 2003, iliyoanza kutumika 2004, mtu mwenye bima ya aina fulani anaweza kuwa na akaunti ya akiba ya afya. Fedha anayoiweka humo haikatwi kodi, ilimradi aitumie kwa matibabu. Vitamini na virutubisho vya kujiweka vizuri kiafya kwa jumla havihesabiwi kuwa matibabu. Vinahesabiwa pale tu mtaalamu wa tiba anapovipendekeza kwa ajili ya ugonjwa maalumu ambao daktari ameuthibitisha. Aliye chini ya miaka 65 akiitumia fedha hiyo kwa jambo jingine, anaitolea kodi na juu yake faini ya asilimia 20.

Huko nako wafanyabiashara wajanja hawakukosekana. Mwezi Machi 2024 idara ya kodi ya nchi hiyo ililazimika kutoa tahadhari. Kulikuwa na makampuni yaliyowaambia watu walipe ada, wajieleze wenyewe hali zao za afya, kisha wapewe barua ya daktari ya kuhalalisha vyakula vya kawaida kama matibabu. Idara ilisema barua ya namna hiyo haigeuzi chakula cha kawaida kuwa tiba.

Wapendwa wasomaji, hiyo ni nchi tajiri, lakini imeona kwamba akiba ya matibabu isipowekewa uzio itakwisha kwa vitu visivyo matibabu. Sisi ambao fedha yetu hutoka shambani mara moja kwa mwaka tunauhitaji uzio huo zaidi.

MASWALI MATATU KABLA YA KUFUNGUA KISANDUKU

Uzio wetu hauhitaji sheria ya Bunge. Familia au kikundi kinaweza kujiwekea maswali matatu tu:

La kwanza: Nani ameshauri? Awe mganga, muuguzi au mkunga aliyekupima, na asiwe anapata faida kwenye mauzo ya kitu hicho. Anayekuuzia hawezi kuwa hakimu wa haja yako.

La pili: Ni kwa tatizo gani lililopimwa? "Uchovu" na "sumu mwilini" si majibu. "Wekundu wa damu umepungua" ni jibu. Mtoto mwenye selimundu hupewa asidi ya foliki. Mgonjwa anayetumia dawa ya kifua kikuu iitwayo isonayazidi hupewa vitamini B6 ili kulinda mishipa yake ya fahamu. Hayo ni mahitaji ya kweli yenye jina.

La tatu: Je, hakipatikani bure kliniki, au kwa bei ndogo shambani na sokoni?

Kitu kikipita maswali yote matatu, nunueni bila wasiwasi. Kikikwama hata kwenye moja, kisanduku kibaki kimefungwa. Kikundi chenye mfuko wa jamii kiyaandike maswali haya kwenye katiba yake, ili asiyekubaliwa asidhani amechukiwa.

TUPIGE HESABU YA MFANO

Tuchukue mfano wa kaya ya watu sita. Takwimu hizi ni za kuonyesha hesabu tu. Baada ya kuuza korosho wameweka Sh. 300,000 kwa ajili ya matibabu. Anakuja mchuuzi na chupa ya Sh. 45,000, inayomtosha mtu mmoja siku 30. Baba na mama wananunua za miezi mitatu, yaani chupa 6. Hiyo ni Sh. 270,000. Imebaki Sh. 30,000, na watoto wanne hawajaonja kidonge hata kimoja.

Wangetaka kuwapa watu wote sita kwa mwaka mzima, wangehitaji chupa 72, yaani Sh. 3,240,000. Kinga gani hii ambayo kaya haiwezi kuimudu hata ikiuza korosho zote?

Sasa tuigawe Sh. 300,000 ileile kwa namna nyingine:

– Sh. 150,000 ziwekwe kwa ajili ya bima. Ulizeni zahanati au serikali ya kijiji mchango wa mwaka huo. Ukiwa mdogo kuliko hapo, kinachobaki kiende kwenye nauli.
– Sh. 70,000 za nauli ya dharura, kwa pikipiki hadi zahanati au gari hadi Ndanda, Mkomaindo au hospitali ya wilaya Newala. Zisiguswe kwa sababu nyingine yoyote.
– Sh. 50,000 za vipimo na dawa zilizoandikwa na mganga.
– Sh. 30,000 za kinga ya nyumbani: sabuni, chumvi yenye madini joto, mbegu za mboga.

Kwa mpango huu watu wote sita wamekingwa, na usiku wa manane mtoto akipata degedege, baba hatabisha hodi kwa jirani kukopa nauli. Mtoto mwenye homa anayeshindwa kunyonya au kunywa, anayetapika kila kitu, aliyepata degedege au mwenye usingizi usio wa kawaida, ni wa kupelekwa kituoni saa hiyohiyo. Hapo hakuna kirutubisho kinachoweza kuchukua nafasi ya nauli.

DUKA LA VITAMINI LIKO SHAMBANI

Tumejaliwa vyakula vingi ambavyo mchuuzi angevitia kwenye chupa angeviita dawa ya ajabu.

Mabibo tunayoyaacha yaoze chini ya mikorosho, au kuyageuza yote kuwa uraka, yana vitamini C nyingi kuliko chungwa mara kadhaa. Mpeni mtoto bibo lililooshwa vizuri. Korosho zenyewe zina protini na madini. Msiuze zote hadi ya mwisho, bakizeni kidogo za kutwanga na kutia kwenye uji wa watoto. Mbaazi, kunde, choroko na njugu mawe hujenga mwili na kuongeza damu. Kisamvu, mchicha, majani ya kunde na ya maboga, mlonge, mapapai, maembe na viazi lishe vya rangi ya chungwa huupatia mwili vitamini A. Dagaa na mayai vikipatikana, watoto na wajawazito waanze.

Mambo manne ya kukumbuka jikoni:

1. Osha mboga kabla ya kuzikatakata, na usizichemshe muda mrefu kisha ukamwaga maji yake. Kisamvu tu ndicho kipikwe hadi kiive kabisa.
2. Tia mafuta kidogo, karanga au ufuta. Vitamini A haiingii mwilini vizuri bila mafuta.
3. Kula tunda pamoja na maharage au mbaazi, ili madini chuma yaingie vizuri. Chai inywewe baadaye, si pamoja na chakula, kwani inayazuia.
4. Nunua chumvi iliyofungwa kwenye pakiti yenye maandishi ya madini joto. Chumvi ya mawe inayopimwa kwa kopo sokoni huenda haina madini hayo.

Kwa kanuni za mwaka 2011, viwanda vikubwa vya unga na vya mafuta ya kula vinatakiwa kuongeza vitamini na madini katika bidhaa zao. Unga wa mashine ya kijijini hauongezewi, hivyo anayesaga kwake ale dona badala ya kukoboa sana, na ategemee zaidi mboga, kunde na matunda.

MASWALI YANAYOULIZWA MARA KWA MARA

Swali: Anayeuza ni shemeji yangu, naye amekopa mtaji ili anunue bidhaa hizo. Nikikataa nitamvunja moyo. Nifanyeje?

Jibu: Mwambie ukweli kwa upole: "Shemeji, fedha hii ni ya matibabu na tumewekeana masharti, siwezi kuifungua peke yangu." Ukitaka kumsaidia, msaidie kama ndugu, kutoka fedha nyingine, wala usiuite msaada huo matibabu. Naye ajiulize kama anapata riziki kwa bidhaa yenyewe, au kwa kuwaingiza ndugu zake wengine katika kununua na kuuza.

Swali: Nilitumia virutubisho nikajisikia vizuri sana. Je, si ushahidi huo?

Jibu: Tunafurahi umepata nafuu. Lakini mara nyingi anayeanza chupa huanza pia kunywa maji ya kutosha, kupunguza pombe na kula mboga, kama alivyoagizwa na muuzaji. Na homa nyingi ndogo huisha zenyewe. Nenda ukapime damu, presha na sukari. Vipimo vitakueleza hali yako kuliko hisia.

Swali: Baba yangu ana kisukari. Ameambiwa aache dawa za hospitali atumie unga wa mimea. Je, ni sawa?

Jibu: Asiache hata siku moja bila kuzungumza na daktari wake. Vivyo hivyo kwa dawa za presha, kifua kikuu, kifafa na UKIMWI. Anayekushauri uache dawa ili ununue bidhaa yake anahatarisha maisha yako. Aende na kopo hilo kliniki, alionyeshe.

Swali: Nitajuaje bidhaa iliyokubaliwa na serikali?

Jibu: Dawa husajiliwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA), na tangu mwaka 2019 usalama wa vyakula unasimamiwa na Shirika la Viwango (TBS). Duka lenye kibali hutundika kibali chake ukutani. Mwenye begi anayepita nyumba kwa nyumba hana ukuta wa kukitundika. Lakini kumbuka, hata bidhaa iliyosajiliwa bado ipite maswali yetu matatu.

MWISHO

Mama aliyeuliza swali letu hakukosea: kinga ni bora kuliko tiba. Ila kinga ya kweli ina chandarua, chanjo, matone ya vitamini A, mboga za bustanini, na kadi ya bima iliyolipiwa mapema. Sehemu kubwa ya hiyo hailipiwi fedha. Inalipiwa kwa kukumbuka tarehe ya kliniki na kuamka mapema kwenda bustanini.

Basi msimu huu wa korosho, kabla mchuuzi hajabisha hodi, kaeni baba, mama na watoto wakubwa. Hesabuni fedha ya matibabu, igaweni, iandikeni kwenye daftari, na maswali matatu yaandikwe kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari hilo. Akiba haiozi, na itakuwepo usiku ule wa mwezi Machi mtakapoihitaji.